Danieli Aliomba Mtama

Tafakari ya juma
Masomo: Danieli 1:3–17, Kumbukumbu la Torati 32:7



Danieli na wenzake watatu tumezoea kuwahubiri katika tanuru la moto na tundu la simba. Sura ya kwanza ya kitabu inatuonyesha walivyoanza, na walianza kama wanafunzi. Nebukadreza aliwachukua kutoka Yuda wakiwa vijana wenye akili, akaagiza wafundishwe miaka mitatu elimu na lugha ya Wakaldayo, na posho yao itoke meza ya mfalme. Malazi yapo, chakula kipo, na ajira inawangoja. Mzazi gani wa leo asingefurahi?

Tuangalie Danieli alikubali nini na alikataa nini. Shule hakuikataa. Alisoma vitabu vya Babeli, na mwisho wa sura tunaambiwa Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa vijana wale maarifa katika elimu hiyo. Alichoazimia moyoni ni kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Akamwendea msimamizi kwa adabu, akaomba wapewe mtama na maji kwa siku kumi, kisha nyuso zao zitazamwe. Zilipotazamwa, wao ndio walionekana wamenawiri. Mtu anaweza kuisoma elimu ya dunia nzima bila kukisahau chakula kilichomlea, na Mungu akavibariki vyote viwili.

Somo hili nimelileta juma hili kwa sababu ya vijana tunaowaona wakipita na daftari mikononi hapa Kicukiro, wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, au staji kama wengi wetu tunavyosema. Baadhi yao wanasomea kilimo, lishe, mazingira. Wanaomba ofisi, wanaomba mashirika, wanaomba maabara. Ni wachache mno wanaoomba kupelekwa kwa bibi mwenye shamba la maharage kule Masaka au Gahanga, wakae naye msimu mmoja wakijifunza. Na sisi wazazi wao, tukiambiwa mtoto amepangiwa huko, tunanuna. Tunaona amerudishwa nyuma.

Nataka tuone kwamba hapo tunakosea.

Tuanze na mahali tulipo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 318,564 katika wilaya yetu ya Kicukiro. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 491,731. Katika miaka 10 wameongezeka zaidi ya watu laki moja na sabini elfu, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala. Palipokuwa na mtama leo pana ghorofa, na si dhambi. Mji lazima ukue. Lakini shamba likiondoka, yale yaliyojulikana juu ya shamba hilo huondoka nalo, isipokuwa mtu ameyapokea mapema. Mtoto aliyezaliwa Niboye anaweza kufika chuo kikuu bila kuutambua mgagani, ile mboga tunayoiita isogi, ukiwa bado ardhini. Anaujua ukiwa umeshachemshwa, kama anaujua.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu yetu ya malimbuko. Zamani za wafalme, mtama na ulezi wa kwanza ulipelekwa ikulu kwa ibada ndefu, kisha kila nyumba ikala mavuno mapya, watoto wakapewa maziwa na ugali wa nafaka hizo. Mwaka 1925 watawala wa Kibelgiji waliivunja sikukuu hiyo, na Gashamura, mkuu wa shughuli zake, wakamhamishia Burundi. Walielewa kwamba taifa linalokusanyika kila mwaka kushukuru kwa chakula chake lenyewe ni taifa lisilotawalika kirahisi. Umuganura ulirudishwa rasmi kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2011. Wale wanaodhani ni mambo ya kipagani matupu na wasome Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mwisraeli anaagizwa kubeba malimbuko katika kikapu, kuyaweka mbele ya madhabahu, na kusimulia kwa sauti historia ya baba zake kabla hajala. Mungu aliamuru kikapu na simulizi vije pamoja.

Sasa kikapu tunacho, simulizi inatuponyoka. Sababu ni nyingi, na tuzitaje kwa haki. Mwaka 2007 serikali ilianza mpango wa kuongeza mazao, ikachagua mazao 6 ya kipaumbele: mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na mihogo. Mavuno ya mazao hayo yalipanda, mbegu bora na mbolea vikawafikia wakulima ambao hawakuwahi kuvigusa, na sitaki mtu atoke hapa akisema mchungaji anapinga mahindi. Watoto wetu wameshiba kwa mahindi hayo. Lakini mtama, ulezi, magimbi na viazi vitamu havikuwa kwenye orodha ile, na katika maeneo mengi vilipungua shambani. Zao likitoka shambani, kijana hana pa kulijifunzia. Na bado utafiti wa afya wa mwaka 2019 na 2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumbo lililojaa na mwili uliolishwa si kitu kimoja.

Duniani wapo wakulima walioliona jambo hili mapema. Mwaka 1996, wakati viongozi wa mataifa wamekutana Roma kuzungumzia chakula, vyama vya wakulima wadogo vilitoa dai lao kwamba kuhakikishiwa chakula hakutoshi, watu wawe na mamlaka ya kuamua wapande nini, wale nini na mbegu yao iwe ya nani. Dai hilo waliliita uhuru wa chakula. Danieli angewaelewa mara moja. Babeli haikuwa na njaa. Shida ilikuwa ni nani anaamua kilichomo sahanini.

Lakini je, bibi yule wa shambani ana elimu ya kumfundisha mtu wa chuo kikuu? Hapa Rwanda swali hilo limeshajibiwa kwa vipimo. Kuanzia mwaka 1988, katika kituo cha utafiti cha Rubona, watafiti, akiwemo Louise Sperling, waliwaita akina mama waliosifika vijijini kwa ujuzi wa maharage. Desturi ya watafiti ilikuwa kuchagua wenyewe kwa miaka mingi, kisha kumwonyesha mkulima aina chache za mwisho. Safari hii akina mama waliingizwa mapema katika mashamba ya majaribio wakiwa na uhuru wa kuchagua wanachokitaka. Walitembea katikati ya mistari, wakashika majani, wakaulizana. Hii itastahimili kivuli cha migomba, ile itaoza mvua ikizidi, hii majani yake yanafaa kwa mboga. Mbegu walizozichagua, zilipopandwa nyumbani kwao, zilishinda maharage yao ya zamani kati ya asilimia 64 na 89 ya majaribio, na mavuno yakaongezeka hadi asilimia 38. Zile walizochagua wataalamu peke yao hazikufikia hapo. Mtaalamu alijua mbegu, na mama alijua mbegu pamoja na udongo, kivuli, sufuria na soko. Penye wazee haliharibiki neno.

Kisha ikaja 1994. Sisi wa Kicukiro tunakijua kilichotokea katika shule ya ufundi ya ETO tarehe 11 Aprili, askari wa Umoja wa Mataifa walipoondoka wakawaacha nyuma watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia pale, na wengi wao wakauawa Nyanza, humu humu Kicukiro. Leo palipokuwa ETO ni chuo cha ufundi, na vijana wetu wanasomea hapo. Kwa nini ninayataja haya katika tafakari ya chakula? Kwa sababu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliua pia waalimu ambao hawakuwa na shule wala cheti. Katika nyumba nyingi bibi aliyejua mahali pa kuhifadhi mbegu, babu aliyejua mti gani upandwe mpakani, hawakubaki wa kumwambia mjukuu. Kumbukumbu 32:7 inatuagiza tuwaulize baba zetu na wazee wetu, nao watatueleza. Kuna vijana katika usharika huu wasio na wa kumuuliza nyumbani. Hao ndio wanaohitaji zaidi kupelekwa kwa wazee wa wengine.

Mwaka uleule, mashirika ya utafiti wa kilimo yalianzisha mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, yakazalisha katika nchi jirani mbegu zilizofanana na za Rwanda ili zirudishwe. Walidhani maharage yamekwisha. Walipochunguza wakakuta wakulima wengi bado wanayo, mengine wameyaokoa, mengine wameyapata kwa ndugu au sokoni. Maharage yalinusurika kwa sababu yalikuwa mikononi mwa watu wengi. Viazi mviringo, ambavyo mbegu yake bora ilitegemea zaidi mfumo wa vituo, viliumia zaidi. Kilichokuwa kimegawanywa kwa majirani ndicho kilichobaki. Nawaombeni mlitafakari hilo nyumbani.

Miezi iliyopita nilimtembelea mama mmoja mzee wa usharika wetu upande wa Gahanga, nikamkuta na wasichana wawili wa chuo waliokuwa kwake kwa mafunzo. Alikuwa amemwaga maharage kwenye ungo: mekundu, ya njano, meusi, yenye madoa, yote yamechanganyika. Mmoja wa wasichana akauliza kwa nini hayatenganishi. “Mwanangu,” akasema, “mvua ikiniua haya, haya yanabaki. Ukipanda rangi moja umeweka nadhiri na mawingu.” Akachukua punje moja, akaiuma kwa meno ya pembeni, akasikiliza. Ikikatika kwa mlio imekauka, inafaa kuwekwa. Ikibonyea, irudi juani. Kisha akawaonyesha majivu anayochanganya na mbegu ili fukusi wasiingie. Wasichana nao walikuwa na lao la kumfundisha. Walimweleza juu ya maharage yaliyoongezwa madini ya chuma yaliyotolewa kuanzia mwaka 2010, na faida yake kwa mama mjamzito. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nileteeni kiganja kimoja, niyapande kando tuyatazame.” Mtu wa kwanza kufanya jaribio la Danieli mbele ya macho yangu alikuwa bibi ambaye hajui kusoma.

Kazi kama hii inaweza kupangwa, isiachwe kwa bahati. Majirani zetu Kenya walifanya hivyo. Katika juhudi zilizoanza mwaka 2007, kwa msaada wa UNESCO, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na viongozi wa jamii za Isukha na Pokot waliwashirikisha watoto wa shule za msingi kuandika vyakula vya asili vya kwao. Katika sehemu nyingine ya juhudi hizo, wanasayansi na vikundi vya jamii waliorodhesha mimea takriban 850, pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Kama mtoto wa shule ya msingi ameweza, wa chuo kikuu atashindwaje?

Na sisi tuna mahali pa kuanzia. Ukivuka Nyabarongo kuelekea Bugesera, huko Gashora, ipo taasisi ya kilimo hifadhi, RICA, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2019, ambako vijana hushika jembe kabla ya kushika cheti. Nyumbani kwetu, kwenye mpaka wa Kicukiro na Gasabo, ipo bustani ya Nyandungu, ardhioevu ya hekta 121 iliyokuwa imeharibiwa, ikatunzwa upya na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2022. Imepandwa miti ya asili kwa maelfu, ina sehemu ya mimea ya dawa, na sehemu iliyopewa jina la Papa kwa kumbukumbu ya ziara ya Yohane Paulo wa Pili ya Septemba 1990. Tunaenda kupiga picha za harusi na kutembea jioni. Twende pia na mzee mmoja, na vijana watatu nyuma yake, aseme huu ni umuvumu, huu ni umuravumba, na mama yangu aliutumia hivi.

Sasa neno kwenu vijana mnaojiandaa kwa mafunzo.

Mkifika kwa mzee, nendeni kama wanafunzi. Msianze na dodoso la kurasa nane. Kaeni, limeni, pikeni, muulize mkiwa mmeinama pamoja naye. Kuuliza si ujinga. Yale mtakayoandika, andikeni kwa lugha aliyoitumia yeye, kisha nakala irudi kwake au kwa watoto wake, isomwe mbele yake, asahihishe. Ripoti inayoishia mezani kwa profesa haijamalizika.

Na msiibe. Amri ya nane haihusu mbuzi peke yake. Maarifa ya mti wa dawa, mbegu iliyotunzwa vizazi vitatu, mapishi ya ukoo, vyote vina wenyewe. Mkataba wa Nagoya, unaotumika duniani tangu mwaka 2014, unataka jamii iombwe ridhaa na igawiwe faida maarifa yake yanapotumika. Sheria ya mataifa imefika baada ya Musa. Wakumbukeni kipekee ndugu zetu walioishi msituni kabla ya misitu ya kaskazini na kusini kuwa hifadhi. Wao wanajua mimea ambayo wengi wetu hatuna hata jina lake, nao wamekuwa wakiulizwa maswali na wageni kwa miaka mingi bila kupata kitu. Anayekwenda kwao aende na mkataba wa haki, na chakula chake mwenyewe.

Tena, pimeni. Si kila la kale ni jema, wala kila la bibi ni dawa. Paulo anawaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote na walishike lililo jema. Mgonjwa apelekwe hospitali. Danieli mwenyewe hakumwambia msimamizi “niamini tu.” Alimpa siku kumi na akakubali kuhukumiwa kwa matokeo. Imani isiyoogopa kipimo ndiyo inayoheshimika chuoni.

Kwenu wazazi: mtoto akipangiwa shamba, msimwonee haya. Mfungieni mzigo kwa furaha.

Na kwetu sote usharikani, nina ombi moja la juma hili. Kila mwenye shamba, hata kipande cha bustani ya jikoni, na kila mzee aliye tayari kumpokea mwanafunzi kuanzia msimu wa Septemba, aandikishe jina kwa katibu wa idara ya vijana kabla ya Umuganura. Wanaoweza kumlipia kijana nauli na chakula cha mchana waandikishe pia, kwa maana mzee hapaswi kumlisha mwanafunzi wa kanisa kwa gharama yake. Siku ya Umuganura wa mwaka unaofuata tulete malimbuko madhabahuni, na kila mwanafunzi alete zao moja pamoja na habari zake, asimame aseme nani alimfundisha.

Tuombe: Ee Mungu uliyewapa vijana wanne maarifa katika nchi ya ugeni, wape na wetu moyo wa kuuliza, na wazee wetu uwape siku za kutosha kujibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndugu yangu unayesoma, kama mama yako au bibi yako yuko hai, mpigie simu leo. Muulize alikuwa anahifadhije mbegu, na uandike jibu lake.